Theluji ya Lowell, Macho ya Matinyani

Mzungu wa kwanza kuandika kwamba kuna theluji kwenye Mlima Kenya aliiona akiwa Kitui. Alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumikia shirika la Kiingereza huko Rabai, na siku yenyewe ilikuwa tarehe 3 Desemba 1849. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, yule tajiri wa misafara ya pembe za ndovu ambaye watu wake walishuka hadi Mombasa na kupanda tena hadi ng'ambo ya Mto Tana. Kivoi ndiye aliyemwambia mgeni kwamba mlima upo na kwamba kileleni kuna kitu cheupe. Mawingu ya msimu wa mvua yaliuficha. Yalipopasuka, Krapf akaviona vilele viwili na weupe wake, akachukua kalamu.

Huko London habari hiyo ilipokelewa kwa dharau. William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyeichora Afrika ya ndani akiwa mezani kwake, alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta na kwamba macho ya wamisionari yamewadanganya. Alikuwa amekwisha kumkatalia Johannes Rebmann, mwenzake Krapf, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848. Mlima Kenya ulingoja hadi 1883, Joseph Thomson alipoukaribia na kuutazama vizuri, ndipo wasomi wakanyamaza. Wakamba, Waembu na Wakikuyu hawakuwa na ubishi wowote wa kuumaliza. Krapf mwenyewe anaeleza jinsi mtu wa Embu alivyomsimulia kwamba huko juu hakupandiki kwa baridi kali, na kwamba kile cheupe huporomoka kwa kishindo. Huyo hakuhitaji kuthibitishiwa na mtu wa London.

Nayakumbusha haya kwa sababu mtu wa Ukambani akianza kuzungumzia theluji, wasikilizaji hutabasamu. Kitui ni nchi ya vumbi jekundu, mbuzi, ndengu na mito ya mchanga. Theluji inatuhusu nini? Ilituhusu kabla haijawahusu wengi. Na siku hizi inatufikia tena, kwa simu.

Matinyani iko Kitui Magharibi, si mbali na mji wa Kitui. Ina soko, shule, makanisa, na akina mama wanaosuka viondo huku wakizungumza mambo mengine kabisa. Kama sehemu nyingine za Kenya, imewatoa watoto wake wakaenda mbali, na baadhi yao wamefika Massachusetts. Ukifika Lowell, mji wa viwanda vya zamani vya nguo kaskazini ya Boston, utakuta Wakenya wa kutosha kuwa na makanisa yao, maduka yanayouza unga wa ugali, na michango ya harusi na matanga isiyokwisha. Wengi wao hufanya kazi ya kuhudumia wagonjwa na wazee. Mambo haya mawili, kazi hiyo na theluji, hukutana vibaya, kama nilivyojionea Januari 2015 nilipokuwa mgeni nyumbani kwa binamu yangu, binti wa shangazi.

Jumatatu tarehe 26 watabiri wa hali ya hewa walitangaza kwamba dhoruba itaingia usiku. Nilichokiona mchana ule kilinishangaza kuliko theluji yenyewe. Watu walijipanga madukani kununua mkate, maziwa, betri na mishumaa. Mume wa binamu alileta mifuko ya chumvi ya mawe ya kumwaga kwenye ngazi ili barafu isishike, akajaza maji beseni la kuogea endapo umeme ungekatika, akachaji kila simu iliyokuwemo. Magari yaliyoegeshwa kando ya barabara yaliamriwa yaondolewe ili matinga ya kusukuma theluji yapite. Gavana Charlie Baker, aliyekuwa ameapishwa mwezi uleule, alipiga marufuku magari barabarani kuanzia saa sita usiku. Jimbo zima likafunga milango na kungoja.

Binamu hakungoja nyumbani. Aliondoka mchana na mfuko wenye nguo za kubadilisha, sufuria ndogo ya muthokoi na dawa zake za shinikizo la damu, akaenda kwenye makao ya wazee anakofanya kazi. Aliijua hesabu: zamu yake ikiisha asubuhi, wa kumpokea hatafika, na wazee wale hawawezi kuachwa peke yao wakisubiri barabara ifunguliwe. Kwa hiyo gavana aliposema watu wote wabaki majumbani, kuna watu waliotoka majumbani mwao ili wengine wabaki, na wengi wao katika jimbo lile husema Kiswahili, Kihaiti au Kireno. Alirudi Jumatano. Alilala kwenye kiti, alisema, na hakulalamika, maana saa za ziada hulipwa vizuri na karo ya mtoto wa dada yake aliyeko Kitui ilikuwa imekaribia.

Mtu aliyekulia chini ya mabati amezoea kuisikia mvua. Anaijua ikianza, ikizidi, ikipungua, hata akiwa usingizini. Theluji haisikiki. Usiku ule nilisikia upepo tu, ukipiga mbao za nyumba na kuvuma kwenye pembe za madirisha, na kila nilipochungulia niliona taa ya barabarani imezungukwa na weupe unaokwenda kando badala ya kushuka. Asubuhi mlango wa mbele ulikataa kufunguka. Tulitokea wa nyuma, na huko pia upepo ulikuwa umeirundika theluji hadi kifuani. Boston ilipimwa sentimita 62. Worcester, mji mwingine wenye Wakenya wengi, ilipata 88, rekodi yake ya miaka yote.

Kisha kazi ikaanza. Kufukua theluji ni kulima, tena kulima kwa haraka, maana ukiiacha ikalala, ikayeyuka kidogo na kuganda tena, inakuwa jiwe. Madaktari wa kule huonya kila mwaka juu ya wanaume wa makamo wanaotoka kwenye joto la nyumba, wakashika beleshi na kuanguka kwa moyo. Tulifukua ngazi, tukafukua kijia, tukafukua gari, na tulipolifikia, tinga la mji likapita na kutusukumia lundo jipya mbele yake. Boston kuna desturi ambayo mtu wa kijijini anaielewa mara moja: ukifukua nafasi ya kuegesha gari barabarani, unaweka kiti kibovu cha plastiki hapo unapokwenda kazini, na ole wake atakayekiondoa. Aliyelima ndiye mwenye shamba. Manispaa imeikubali desturi hiyo kwa saa 48 baada ya dhoruba, kisha inakusanya viti vyote na kuvitupa.

Jambo la kwanza shemeji alilolifukua, kabla ya gari na kabla ya kijia, lilikuwa bomba dogo linalotoka ukutani upande wa nyuma. Ni bomba la kutolea moshi wa mtambo wa kupasha nyumba joto. Likizibwa, hewa chafu hurudi ndani, na kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Miaka miwili kabla ya hapo, katika dhoruba ya Februari 2013, mtoto mmoja Boston alifariki akijipasha joto ndani ya gari lililowashwa huku bomba lake la moshi likiwa limefunikwa na theluji. Nitalirudia jambo hili, maana linatuhusu sisi hapa nyumbani kuliko watu wanavyodhani.

Shemeji alipiga video ya mlango uliozibwa. Kule ilikuwa asubuhi. Matinyani ilikuwa alasiri ya Januari, jua kali, shangazi akipiga ndengu uani. Video ilipita kwa simu ya mjukuu. Shemeji hawezi kumpigia mama mkwe na kuanza porojo, kwa hiyo simu nikapewa mimi.

"Hicho cheupe ni maji?" shangazi akauliza baada ya salamu, ambazo hazikufupishwa kwa ajili ya dhoruba.

"Ndiyo, shangazi. Ni maji yaliyoganda."

"Na maji yote hayo mtayaweka wapi?"

Nikamwambia hatuyaweki, tunayasukuma kando.

"Mnayatupa."

"Ndiyo, shangazi."

"Haya," akasema. "Endeleeni kuyatupa." Kisha akauliza kama binti yake amekula.

Nimeishi na swali lile kuliko ninavyoishi na baridi ya siku ile. Theluji ya sentimita kumi ukiiyeyusha hutoa kwa kawaida maji ya sentimita moja hivi, na ile kavu ya baridi kali hutoa pungufu. Kwa hiyo dhoruba iliyofunga Boston, ikasimamisha ndege na magari na kumfungia binamu kazini kwa siku mbili, ilileta kwa kadirio langu maji ya kama milimita 40 hadi 60. Hiyo ni mvua moja nzito ya Novemba. Matinyani huipata kwa usiku mmoja, na saa nne asubuhi watu wako sokoni, matope miguuni, wakiulizana nani ameanza kupanda.

Tofauti ni kwamba yale ya Lowell hayaendi popote. Majira yale ya baridi Boston ilipata jumla ya sentimita 281 za theluji, zaidi ya majira yoyote yaliyowahi kurekodiwa hapo. Februari treni za abiria zilisimamishwa siku nzima. Mji ukakosa mahali pa kuiweka, ukaanza kuirundika katika viwanja vya wazi, na lundo moja karibu na bandari likapanda hadi mita 20 na zaidi. Mwezi wa tano bado lilikuwapo, jeusi kwa uchafu, limejaa takataka zilizozolewa pamoja na theluji. Lilimalizika kuyeyuka tarehe 14 Julai. Watu wanavaa kaptula, wanakula aiskrimu, na Januari haijaisha uwanjani.

Mtu wa Kitui akisikia hivyo hawezi kucheka tu. Hapa shida yetu ya miaka yote ni kwamba maji hayangoji. Serikali ya kaunti hukadiria mvua yetu kuwa kati ya milimita 250 na 1,050 kwa mwaka kutegemea mahali, nayo huja kwa vipindi viwili, uua wa kuanzia Machi na nthwa wa kuanzia Oktoba, na ni huu wa nthwa tunaoutegemea hasa. Hunyesha kwa nguvu, ardhi ikiwa imekauka na kuwa ngumu, na maji hayapati nafasi ya kuzama. Yanakusanyika, yanaingia korongoni, yanafika Mwitasyano au Tiva yakiwa mekundu na yamebeba matawi, mizizi na pengine mbuzi. Alfajiri mto unanguruma. Kesho kutwa unapita juu yake kwa viatu vikavu. Maji yamekwenda zake kuelekea mashariki, na udongo wa mtu yamekwenda nao.

Wazee wanaikumbuka 1961, mwaka ulioanza kwa ukame na kuishia kwa gharika. Njaa ilikuwa imeshika Ukambani, na mvua ilipofika mwishoni mwa mwaka ilikata barabara hadi chakula cha msaada kikadondoshwa kwa ndege. Wakamba, ambao huzipa njaa zao majina jinsi wengine wanavyowapa watoto, waliiita Yua ya Ndeke, njaa ya ndege. Fikiria hali hiyo: mtu ana njaa kwa sababu mvua haikuja, kisha chakula kinashindwa kumfikia kwa sababu mvua imekuja.

Nilisema kilichonishangaza Lowell ni ile Jumatatu mchana. Idara yetu ya hali ya hewa hutoa utabiri, na mara nyingi hutoa ulio sahihi. Kinachokosekana ni kila kitu kinachopaswa kufuata baada ya tangazo: mtu wa kufunga barabara, daraja la kutosha, mwajiri atakayesema msije kesho, na fedha mfukoni za kumwezesha mtu kukaa nyumbani siku mbili. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya wa kanisa Katoliki kuelekea harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika, upande wa Mwingi, katika kaunti hii hii yetu. Watu zaidi ya 30 walikufa maji huku umati ukitazama ukingoni na baadhi yao wakirekodi kwa simu. Mvua ile haikuwa ya ajabu. Mito yetu hufurika kila nthwa inapokuwa njema. Cha ajabu ni kwamba kuvuka kulibaki kuwa uamuzi wa dereva.

Wala nisije nikaonekana kama mtu aliyekwenda Marekani akarudi na sifa tu. Februari 2021 Wakenya wengine, wa Dallas na Houston, walipata dhoruba yao. Theluji iliyoanguka Dallas haikuwa nyingi; Lowell ingeifagia na kwenda kazini. Lakini Texas imejengwa kwa ajili ya joto. Mabomba ya maji hupita darini na kwenye kuta nyembamba, nyumba hupashwa joto kwa umeme, na mitambo ya umeme yenyewe haikuwa imekingwa na baridi. Joto la Dallas lilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri. Mitambo ikazima, mabomba yakapasuka, nyumba na biashara zaidi ya milioni nne zikakosa umeme, nyingine kwa siku kadhaa. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246.

Ndipo nirudi kwenye lile bomba la ukutani. Baadhi ya waliofariki Texas hawakuuawa na baridi, waliuawa na joto walilojitafutia. Watu waliwasha majenereta ndani, wakaingiza majiko ya mkaa ya kuchomea nyama, wakakaa katika magari yaliyowashwa ndani ya gereji zilizofungwa. Miongoni mwao walikuwamo wahamiaji kutoka Pembe ya Afrika. Mtu wa Kenya anajua jinsi akili inavyofika hapo. Kila Julai tunasoma habari hizo hizo kutoka Kiambu, Nyandarua na mitaa ya Nairobi: familia imeingiza jiko chumbani, ikafunga dirisha, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Jiko tulilokulia nalo lilikaa katika jikoni lenye mianya, moshi ukapenya kwenye nyasi za paa, na halikuua mtu. Ukilihamishia kwenye chumba cha saruji chenye dirisha la kioo, au kwenye nyumba ya Massachusetts iliyozibwa kila tundu ili joto lisitoke, hilo ni jiko jingine. Kama kuna neno moja la kumwambia kijana anayeondoka Kitui kwenda kwenye baridi, lisiwe koti. Koti atalinunua. Aambiwe aulize kengele ya kaboni monoksidi iko wapi ndani ya nyumba na kama betri yake inafanya kazi.

Kuna watu watasema kwamba Kenya pia imewahi kuanguka theluji, na watataja Septemba 2008 kule Busara, karibu na Nyahururu. Wanakijiji waliamka wakakuta mteremko umefunikwa na kitu cheupe, mamia wakaja kutazama, watoto wakala, wakubwa wakapiga picha. Idara ya hali ya hewa ikaeleza kuwa ilikuwa mvua ya mawe iliyoanguka kwa wingi hadi mawe yakashikana na kuwa tabaka moja. Tofauti si ndogo. Theluji hukua taratibu ndani ya wingu, mvuke ukiganda moja kwa moja kuwa chembe nyepesi. Jiwe la mvua ni tone lililopandishwa na kushushwa ndani ya wingu la radi, likiongezewa barafu kila linapopanda, hadi wingu likashindwa kulibeba. Ndiyo maana mvua ya mawe inaweza kuanguka hata Kitui kwenye joto la alasiri, ikatoboa majani ya mahindi na kumwacha mwenye shamba akihesabu mabua. Watu wa Busara walifurahi, na haki yao. Mwenye mahindi yaliyofikia kiuno huifurahia kwa kiasi.

Theluji yetu ya kweli iko pale pale Kivoi alipomwonyesha Krapf. Asubuhi ya anga safi, hasa mvua ikiwa imeosha vumbi, bado unaweza kuuona mlima kutoka vilima vya Kitui. Weupe ndio unaopungua. Halford Mackinder alipofika kileleni Septemba 1899 barafu za mlima zilikuwa kama 18. Zilizobaki leo ni pungufu ya hizo kwa mbali, na barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, imechanika vipande. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya mwaka 2021 kwamba barafu zote za Afrika huenda zikaisha kufikia miaka ya 2040, na za Mlima Kenya zikatangulia kwa mwongo mmoja.

Wapo wanaosema zikiisha, Tana itakauka na Kitui itakosa maji. Sidhani. Maji yanayosukumwa kutoka Bwawa la Masinga hadi bomba za mji wa Kitui ni maji ya Tana, ni kweli, lakini Tana hulishwa hasa na mvua na misitu ya mlima na ya Aberdare. Barafu yenyewe imekuwa ndogo mno kwa muda mrefu kuweza kuendesha mto. Anayeikata misitu hiyo ana madhara kuliko jua linaloyeyusha kilele. Hata hivyo sipendi kuwaza kwamba mjukuu wa mjukuu wa Kivoi atasimama pale pale aliposimama babu yake, amwonyeshe mgeni mlima, na mgeni akatae kwamba pana weupe, safari hii akiwa na haki.

Maji yasipotaka kungoja yenyewe, yanalazimishwa. Hiki ndicho Ukambani wanachokijua, na sijui kwa nini hatujisifii zaidi. Tangu 1995 shirika la SASOL na wananchi wa Kitui wamejenga mabwawa ya mchanga mamia kadhaa kwenye mito ya msimu, na Makueni wana yao. Ukuta wa mawe na saruji unajengwa kukata mto hadi kwenye mwamba. Mafuriko ya kwanza yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa ndani yake, katika nafasi zilizo kati ya chembe na chembe. Katika kila lita 100 za mchanga wa chembe kubwa mnaweza kuwamo lita 25 hadi 40 za maji. Jua haliyafikii, mbu hawazalii humo, na punda haoni ziwa la kuchafua. Unachimba kisima cha mkono, unateka Agosti maji yaliyonyesha Novemba. Juu mashambani, matuta ya fanya juu yaliyochimbwa na vikundi vya mwethya, jembe kwa jembe, hufanya kazi hiyo hiyo kwa kila tone linaloanguka kabla halijafika mtoni. Tena mabwawa haya yana adui asiyetoka mbinguni: lori la mchanga linalokuja usiku. Anayeuza mchanga wa mto kwa wajenzi wa Nairobi ameuza tangi la majirani, na bei aliyolipwa haifiki hata ya bomba.

Binamu anajenga sasa. Amechoka kufukua, na mipango ni kurudi mtoto wa mwisho akimaliza shule. Kiwanja kiko Matinyani, juu kidogo ya kwa mama yake. Alileta kwa simu picha ya nyumba anayoitaka, na paa lake limesimama sana, kama yalivyo mapaa ya kule yanayojengwa ili theluji iteleze isiivunje dari. Fundi aliitazama picha akauliza mabati hayo ya ziada ni ya kukinga nini. Ubishi ulichukua jioni nzima, binamu akiwa kwenye spika ya simu, shangazi ameketi kando akimenya mbaazi kana kwamba hasikii. Paa linalofunika eneo la mita 100 za mraba hukusanya lita 100 kwa kila milimita moja ya mvua, iwe limesimama au limelala. Milimita 60 za usiku mmoja ni lita 6,000, ukitoa zinazoruka nje. Fundi alisema paa likiinuka sana maji ya mvua kubwa yanapita juu ya gata na kumwagika chini, na gata kubwa lina bei yake. Binamu akasema anapenda paa lake. Shangazi ndipo akauliza, bila kuinua macho, kama hilo gata kubwa linauzwa Kitui au ni la kuagizwa Nairobi.

Liliagizwa Nairobi. Tangi ni la lita 10,000, limewekwa juu ya msingi wa mawe upande wa jikoni, na fundi ameahidi kumaliza mabati kabla ya Oktoba.